Nakuru, jiji ambako mgeni alimpa mwenyeji jembe

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bila shaka, msomaji, umewahi kuitumia methali hiyo kumtania binamu aliyekuja mjini kukujulia hali mwishoni mwa juma na sasa anaumaliza mwezi wa pili akilalia kochi lako. Lakini je, umewahi kuzuru mahali ambapo methali hiyo iligeuzwa juu chini? Mahali ambapo mgeni alifika, akapumzika siku mbili, na siku ya tatu akalitwaa shamba, kisha akamkabidhi mwenyeji jembe ili amlimie?

Mahali hapo si ng'ambo ya bahari. Ni mwendo wa kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, katikati ya Bonde la Ufa. Ninazungumzia Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ukawa wa nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Wengi wetu tunaijua Nakuru kwa heroe wake na vifaru wake. Tulipelekwa huko kwa basi la shule, tukala mkate na soda, tukarudi nyumbani tukiwa tumelala. Jumapili hii nakualika kwa safari ya namna nyingine. Nataka nikutembeze katika makazi ya wageni, kuanzia Naivasha hadi Njoro: majumba yao, mitaa yao na makaburi yao. Na tukiwa njiani nitakuomba tuliwazie pamoja swali moja ambalo limenisumbua tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mgeni huacha lini kuwa mgeni?

NJIA YA WATEKWA

Ukiondoka Nairobi, chagua barabara ya zamani inayoteremka ukingo wa bonde hadi Mai Mahiu. Dereva wa matatu atapunguza mwendo, si kwa kupenda bali kwa sababu ya kona na malori. Chini yako bonde limejitandaza kama mkeka, na Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, umesimama katikati yake ukiwa na shimo kileleni.

Karibu na mwisho wa mteremko, kando ya barabara, utaliona kanisa dogo sana. Wasafiri wengi hulipita wakidhani ni kibanda cha mlinzi. Lilijengwa mwaka wa 1942 na Waitaliano. Hao hawakuja kustarehe wala kutafuta utajiri. Walikuwa wanajeshi waliotekwa na Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakaletwa huku na kutiwa katika kazi ya kuitengeneza barabara hii unayoipitia. Walipopata nafasi wakajijengea mahali pa kusali.

Nimeanza na kanisa hili kwa makusudi. Tukitaja wageni wa Bonde la Ufa, mawazo yetu hukimbilia mara moja kwa bwana aliyevaa kofia pana na kupanda farasi. Lakini wageni wa bonde hili ni wa aina nyingi. Kuna waliokuja kwa hiari, kuna walioletwa kwa bunduki, na kuna waliokimbilia huku roho zao zikiwa mikononi.

Huko juu kwenye ukingo, Kijabe, wamishonari wa Kimarekani walianzisha shule ya watoto wao mwaka wa 1906, na mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuiongoza Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo lake. Huku chini bondeni, reli mpya iliyojengwa na Wachina ilifika Oktoba 2019. Kati ya jiwe lile na reli hii ni miaka 110. Bonde ni lile lile. Wageni tu ndio hubadilika.

NAIVASHA: MAJUMBA NA MABATI

Naivasha ina ziwa la maji matamu, jambo ambalo si la kawaida katika maziwa ya sehemu hii ya bonde. Maji hayo ndiyo yaliyowavuta wageni, na ndiyo yanayowavuta hadi leo.

Ukingoni mwa ziwa kuna jumba jeupe lenye kuba na mnara, ambalo ukiliona kwa mbali utadhani ni msikiti. Lilijengwa na Mwingereza mmoja katika miaka ya 1920, na likaja kujulikana kama Kasri la Majini. Humo waliwahi kusherehekea baadhi ya walowezi wa lile kundi lililosifika kwa ulevi na kubadilishana wake, ambalo maskani yake hasa yalikuwa chini ya Milima ya Nyandarua. Mmoja wao, Lord Erroll, aliyewahi kuishi katika jumba hilo, alipatikana ameuawa kwa risasi karibu na Nairobi mnamo Januari 1941. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Vitabu na filamu kuhusu kisa hicho havijakoma. Cha ajabu ni kwamba katika hadithi hizo zote, mpishi na mtunza farasi huonekana mlangoni tu, wamebeba sinia.

Mbele kidogo kwenye barabara ya kusini mwa ziwa kuna Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwanamke mzaliwa wa Austria aliyemlea simba Elsa na kuandika kitabu kilichomtangaza dunia nzima mwaka wa 1960. Aliuawa mwaka wa 1980 huko Shaba, kaskazini. Leo nyumba yake ni makumbusho. Waweza kuketi kwenye nyasi alasiri ukanywa chai, huku mbega wakikutazama kutoka matawini kana kwamba wewe ndiwe uliyekuja bila mwaliko.

Lakini Naivasha ya leo ni maua. Waholanzi, Wahindi, Waingereza na Wakenya wenye mitaji wameweka mabanda ya plastiki kando ya ziwa, na humo waridi huchanua mwaka mzima. Ua linalokatwa asubuhi hupelekwa kwa lori lenye baridi hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, na baada ya siku chache liko mnadani Uholanzi au dukani London. Meneja wa kigeni huishi ndani ya shamba, kwenye nyumba yenye bustani inayoteremka hadi majini. Mchumaji, ambaye mara nyingi ametoka magharibi mwa nchi au Ukambani, huishi Karagita au Kamere, katika chumba kimoja cha mabati, jirani na wenzake mia moja ambao nao wametoka mbali.

Hebu tazama jambo hili, msomaji. Meneja na mchumaji wote wawili ni wageni Naivasha. Wote wawili walikuja kwa sababu ya maua. Lakini tunapotamka neno "mgeni" kwa heshima tunamkusudia yule wa kwanza, na tunapolitamka kwa hasira tunamkusudia yule wa pili.

Ziwa lenyewe halina upendeleo. Mwaka wa 2020 maji yalipanda, na tena mwaka wa 2025, yakaingia katika mtaa wa Kihoto na kuwatoa watu majumbani. Kiboko akipita dirishani haulizi ulizaliwa wapi.

PUA YA NANI?

Tuendelee. Gilgil ni mji mdogo ambao wengi huupita wakisinzia. Hapa serikali ya Uingereza iliweka kambi ya watu wa ajabu kidogo mwaka wa 1947: Wayahudi waliokuwa wakipigana na utawala wake huko Palestina, waliokamatwa na kuletwa Afrika ili wasisumbue. Walirudishwa mwaka wa 1948 baada ya taifa la Israeli kuundwa. Gilgil pia kuna makaburi ya wanajeshi wa vita, yaliyotunzwa vizuri kuliko bustani nyingi za mjini.

Mara tu baada ya Gilgil, Ziwa Elmenteita hujitokeza upande wa kushoto, na nyuma yake kuna kilima cha umbo la mtu aliyelala chali. Muulize Mmasai, atakuambia kuwa huyo ni morani aliyelala. Lakini walowezi walipokitazama kilima hicho hicho, waliona pua ya Lord Delamere. Mlima mmoja, macho mawili.

Huyu Delamere ndiye aliyekuwa baba wa walowezi. Jina lake hasa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Mwaka wa 1903 alipata shamba kubwa Njoro, baadaye akaongeza Soysambu, hapo penye pua yake. Ng'ombe wake walikufa kwa maradhi, kondoo wake wakafa, ngano yake ikashikwa na kutu. Alikopa, akajaribu tena, hadi akafaulu. Hatuwezi kumnyima sifa ya ustahimilivu. Lakini tusisahau nusu ya pili ya hadithi: ardhi aliyokuwa akiifanyia majaribio haikuwa tupu. Chini ya mapatano ya mwaka wa 1904, Wamasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, wakapelekwa Laikipia na kusini mwa reli. Waliambiwa mpango huo utadumu. Mwaka wa 1911 yakaja mapatano mengine, nao wa Laikipia wakasukumwa tena kwenda kusini.

Delamere alifariki mwaka wa 1931. Sanamu yake ilisimama katika barabara kuu ya Nairobi iliyoitwa kwa jina lake, ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Uhuru ulipokuja, sanamu iliondolewa ikapelekwa Soysambu. Huko iko hadi leo, mgeni aliyerudishwa shambani.

JIJI LA VUMBI

Sasa tumefika. Jina Nakuru limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na ukifika mwezi wa Februari utaelewa bila kufasiriwa. Reli ilipita hapa mwaka wa 1900, na mji ukaota kando ya stesheni kama nyasi kando ya mfereji.

Ukitaka kuelewa jinsi serikali ya kikoloni ilivyowaza, usiende maktaba. Panda tu boda boda uzunguke mjini. Anzia Milimani, juu kwenye mteremko wa Menengai, ambako upepo ni safi. Huko waliishi wazungu: nyumba za mawe, paa za vigae, bomba la moshi kwa ajili ya moto wa jioni, mijakaranda, na nyuma kabisa kibanda cha mtumishi. Teremka katikati ya mji, ufike kwenye maduka ya Wahindi, ambao walifuata reli na kuuza blanketi, sukari na mafuta ya taa. Teremka tena hadi chini, kuelekea ziwani. Hapo ndipo Mwafrika alipowekwa: Bondeni, Kivumbini, Flamingo. Angalia majina hayo. Mmoja yuko milimani, mwingine yuko bondeni na vumbini. Mji mzima ni kama ngazi, na kila mtu alipewa kidato chake.

Siku hizi ngazi hiyo inapandwa kwa pesa, si kwa rangi. Milimani wanaishi mawakili, madaktari na wafanyabiashara wa makabila yote, na baadhi ya majumba yale yamekuwa ofisi na shule za chekechea. Section 58, Naka na Kiamunyi zimejaa nyumba mpya. Nakuru hata ina mtaa unaoitwa London, na usicheke: hauna malkia wala mfalme, uko karibu na jaa la taka la jiji.

Wahindi nao wana hadithi yao. Sheria za biashara na uhamiaji za mwaka wa 1967 ziliwafanya maelfu yao nchini kufunga maduka na kukimbilia Uingereza mwaka wa 1968. Waliobaki walifanya makubwa. Je, unajua kwamba jina la Nakumatt, lile duka kubwa ambalo sote tulilijua kabla halijaporomoka na kufungwa kabisa mwaka wa 2020, lilitokana na magodoro ya Nakuru? Naam, ilianza kama biashara ya magodoro katika mji huu. Na Julai 2017, baada ya zaidi ya miaka 100 ya kukaa, Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa rasmi na serikali kuwa kabila la 44 la Kenya. Mgeni wa miaka 100 akaambiwa: haya, sasa karibu.

KASRI NA WATOTO WAWILI

Kilomita chache magharibi mwa jiji, upande wa Njoro, kuna kasri ambalo hukulitarajia Afrika. Lord Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka wa 1938 na kulimaliza mwaka wa 1954, likiwa na vyumba 52. Watembezi wa wageni watakusimulia kwamba alilijenga ili ampendeze mwanamke fulani aliyeidharau nyumba yake ya kwanza kuwa ni kama banda la kuku. Kwamba mwanamke huyo alilikataa kasri pia. Na kwamba tangu hapo bwana huyo hakutaka kumwona mwanamke yeyote katika boma lake. Simulizi hizo zina matoleo mengi, kwa hivyo zipokee kama chai ya jioni, si kama ushahidi wa mahakamani. Lililo hakika ni kwamba alifariki mwaka wa 1958 bila mke wala mtoto, na kwamba shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka wa 1939 kwa ajili ya vijana wa kizungu ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, ambako watoto wa wale waliokuwa vibarua husomea shahada. Leo maharusi huja kasrini kupiga picha, na bibi harusi hupanda ngazi bila kumwomba Lord ruhusa.

Lakini mimi hunivutia zaidi watoto wawili wa kigeni waliokulia pande hizi.

Wa kwanza ni Beryl Markham. Aliletwa Njoro na babake akiwa mdogo sana, na badala ya kufundishwa kushona na kucheza piano alikulia miongoni mwa vijana wa Kiafrika, akajifunza lugha zao na kuwinda nao kwa mkuki. Msichana huyo aliyekimbia peku Njoro ndiye aliyerusha ndege peke yake mwaka wa 1936 kutoka Uingereza, akavuka Atlantiki dhidi ya upepo hadi Kanada.

Wa pili ni Stefanie Zweig. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Ujerumani waliomkimbia Hitler. Walifika Kenya mwaka wa 1938. Babake, aliyekuwa wakili kwao, hapa akawa msimamizi wa shamba la mtu mwingine; waliishi Rongai, kisha Ol Joro Orok, naye binti akasomea shule ya bweni Nakuru. Vita vilipoanza, Waingereza waliwaweka kizuizini kwa kuwa walikuwa Wajerumani. Fikiria hali hiyo: Mjerumani anamfukuza kwa sababu ni Myahudi, Mwingereza anamfunga kwa sababu ni Mjerumani. Walirudi Ujerumani mwaka wa 1947. Stefanie aliyaandika hayo katika riwaya iliyotoka mwaka wa 1995, na filamu iliyotokana nayo ilishinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2003. Ukiitazama, utamwona mwigizaji wetu marehemu Sidede Onyulo akiwa mpishi wa familia hiyo. Na katika filamu hiyo, tofauti na zile za Kasri la Majini, mpishi hakuachwa mlangoni. Yeye ndiye anayemfundisha mtoto jinsi ya kuishi.

MLANGO WA JIKONI

Nimemtaja mpishi mara kadhaa, na nina sababu. Babu yangu alikuwa mpishi Milimani.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alizaliwa katika kile kibanda cha nyuma. Nilipomtembelea juzi nyumbani kwake Langa Langa, nilimwomba tupande Milimani anionyeshe. Tulitembea polepole, maana magoti yake sasa yana sheria zake. Alisimama nje ya lango moja la chuma.

"Hapa," akasema. "Mlango wa mbele siujui. Najua wa jikoni tu."

Nikamuuliza kama alichukia.

"Mwanangu, ungechukia nini na huku umeshiba makombo ya keki? Chuki ilikuja baadaye, nilipojua kwamba ile keki babu yako aliipika kwa siku nzima na hakuwahi kukaa kwenye kiti akaila."

Mnamo Agosti 12, 1963, Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikutana hapa Nakuru na mamia ya walowezi wa kizungu. Walikuwa na hofu. Wengine walikuwa wamekwisha kufunga masanduku. Aliwaambia kwamba wote wasameheane na kuyasahau yaliyopita, na wakulima walio tayari kulima vyema wakae waijenge nchi. Wengi walitulia. Wengine waliuza na kuondoka, na mashamba yao yakagawanywa kwa mipango ya makazi au yakanunuliwa na vyama na makampuni ya ununuzi wa ardhi. Mwajiri wa babu alikuwa miongoni mwa walioondoka. Babu alipewa kabati na sufuria mbili.

Mipango hiyo ndiyo iliyoleta watu kutoka kila pembe ya nchi hadi Bonde la Ufa. Nayo ndiyo iliyozaa mjadala ambao hadi leo tunauzungumza kwa sauti ya chini: kama mzungu aliichukua ardhi kwa huyu, kisha akamuuzia yule, mwenyewe ni nani?

Januari 2008 sauti hiyo ya chini ikawa kelele. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilifika Nakuru na Naivasha. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na majirani wa miaka mingi wakaanza kuulizana majina ya ukoo. Wakati huo shangazi alikuwa amepanga vyumba viwili Kaptembwo. Vijana walikuja wakampa saa moja. "Wewe ni mgeni hapa," walimwambia, "rudi kwenu." Mwanamke aliyezaliwa Nakuru kabla ya baba zao kuzaliwa!

Alilala majuma kadhaa katika hema kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Aliporudi, hakukuta kitanda wala meza. Lakini jirani yake, wa kabila lile lile la vijana waliomfukuza, alikuwa amezificha sufuria mbili za babu chini ya gunia la mahindi. Shangazi anazo hadi leo. Nimezila ugali.

BAO KWENYE MWAMBA

Kabla ya kurudi Nairobi tulipitia Hyrax Hill, kilima kidogo kando ya barabara kuu. Makumbusho yake ni nyumba iliyokuwa ya familia ya mkulima wa kizungu hadi miaka ya 1960. Mary Leakey alichimba hapa mwaka wa 1937 na kukuta makaburi na masalio ya watu walioishi maelfu ya miaka iliyopita. Lakini kilichonishika ni mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Watu waliketi hapa, wakatazama ziwa, wakacheza bao. Ni akina nani? Hawakuacha hati ya kumiliki ardhi. Waliacha mchezo.

Nilisimama pale nikaona wazi kwamba Bonde la Ufa ni njia. Wote tulipita au tulitua. Tofauti iko katika jinsi tulivyotua, kama tulibisha hodi au tulivunja mlango.

Na wageni hawajaisha. Miaka ya 2003 na 2004, wakuu wa Sudan na wapiganaji wa kusini wakiongozwa na John Garang waliketi Naivasha, na mazungumzo hayo yakazaa mkataba wa amani wa Januari 2005. Leo zipo familia za Sudan Kusini zinazopanga Nakuru, akina mama wengi na watoto wa shule, huku waume wakiwa Juba. Amani iliyoandikwa kando ya ziwa hili haikudumu kwao, na wao wakarudi kando ya ziwa hili.

UKITAKA KUZURU

Msomaji, ukiamua kuipeleka familia, haya ndiyo mawaidha yangu. Matatu za Nakuru huondoka Nairobi upande wa Nyamakima tangu alfajiri. Chukua sweta, kwani jiji liko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na jioni ya Julai itakufanya uelewe kwa nini wazungu walijenga mabomba ya moshi. Wapeleke watoto Menengai asubuhi kabla ya joto. Shimo lake lina upana wa kilomita 12 hivi, na hakuna ua la kuzuia mtoto mtundu. Katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, usiwaahidi bahari ya waridi ya heroe kama ile ya kalenda za zamani. Maji yalipanda miaka ya 2010 na kuendelea, yakameza hata lango kuu la zamani, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Vifaru na twiga wapo, na wanatosha. Kisha, kabla hujarudi, zunguka ile ngazi ya mji: Milimani, madukani, Bondeni. Waeleze watoto walichokiona.

Nami nitamalizia pale nilipoanzia, kwenye methali.

Jirani mpya wa shangazi huko Langa Langa ni mama wa Sudan Kusini mwenye watoto watano. Alihamia akiwa na magodoro na birika tu. Siku ya kwanza shangazi alimpelekea uji. Siku ya pili akampelekea makaa. Siku ya tatu, mbele ya macho yangu, shangazi alitoa jembe nyuma ya mlango, akampeleka yule mama kwenye kipande cha udongo nyuma ya nyumba, akamchorea mstari ardhini kwa kisigino. Huku changu, huku chako. Panda sukuma wiki.

Nikamtania kwamba anamfanyisha mgeni kazi.

"Wewe umesoma, lakini methali hukuielewa," akanijibu. "Jembe si adhabu. Anayekupa chai anakungoja uondoke. Anayekupa jembe na mahali pa kulimia amekuambia kaa."

Wiki iliyopita nilipiga simu kumjulia hali. Sukuma wiki imeota pande zote mbili za mstari, na mstari wenyewe, aliniambia, mvua imekwisha kuufuta.